UZI: Black Widow (2021), deni la Natasha halikuwa kwa Dreykov, lilikuwa kwa Antonia

#1 Kimulimuli (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Juzi usiku nimeirudia Black Widow, mara ya nne sasa, na usingizi ukagoma kuja. Kuna jambo nataka kulisema kuhusu hii muvi. Ambaye hajaitazama aishie hapa, maana nitaeleza mpaka mwisho, pamoja na kile kipande cha baada ya majina.

Ilipotoka Julai 2021 wengi waliipokea kwa ubaridi, na naelewa kwa nini. Ilipangwa itoke Mei 2020, korona ikaisogeza mara tatu, na hata bila korona tulikuwa tumeshamwona Natasha Romanoff, Black Widow mwenyewe, akijitupa kutoka kwenye mwamba wa sayari ya Vormir katika Avengers: Endgame ya 2019. Sisi tumekua na muvi ambazo steringi hafi. Hapa unaambiwa ukae saa mbili na robo umtazame steringi ambaye kifo chake ulishakilia miaka miwili nyuma, maana hadithi yenyewe inaanzia pale Captain America: Civil War ilipoishia, Natasha anatafutwa na serikali ya Marekani na hana kwa kwenda. Watu wakauliza: sasa roho itanidunda kwa lipi?

Jibu langu ni deni.

Rudini kwenye The Avengers ya 2012. Natasha anamwambia Loki, adui wa muvi ile, kwamba daftari lake lina wekundu na anataka kuufuta. Aliyewahi kukopa unga na sukari kwa muuza duka wa mtaani anaielewa picha hiyo bila maelezo: jina lako limeandikwa, kiasi kimeandikwa, na kila ukipita mbele ya duka lile unainamisha kichwa. Loki anamjibu kwa kumsomea baadhi ya mistari ya daftari hilo, na wa kwanza ni "binti wa Dreykov". Sekunde mbili tu, kisha wanaendelea na mengine. Tukasubiri miaka tisa kuambiwa huyo binti ni nani.

Na jibu ni zito kuliko nilivyotarajia. Natasha alipotaka kuhama upande na kuingia SHIELD, shirika la kijasusi la Marekani, sharti lilikuwa kummaliza Dreykov, mkuu wa Chumba Chekundu, mahali walikosomea yeye na mamia ya wasichana wengine kuua watu. Kule Budapest alihitaji kuwa na hakika kwamba Dreykov yumo ndani ya jengo. Akamtumia mtoto. Binti akionekana, baba yupo. Akamwona yule mtoto kwa macho yake, akatoa ruhusa, jengo likalipuka.

Hakuna aliyemlazimisha. Si sindano, si dawa, si amri ya Chumba Chekundu. Hilo alilifanya akiwa huru, akiwa njiani kuwa mtu mwema. Ndiyo maana nasema tukiitazama muvi hii kama kisasi dhidi ya Dreykov tunaikosa. Dreykov ndiye anayedaiwa na Natasha. Antonia, yule binti aliyelipuliwa, ndiye anayemdai.

Nitaendelea chini, naomba mnipe nafasi kidogo.

#2 Kimulimuli (mleta uzi)

Mwanzo wake. Ohio, 1995. Natasha ana nywele za buluu, anaendesha baiskeli, Yelena mdogo wake ana miaka sita. Jioni wanatazama vimulimuli uani na mama yao, Melina, anawaeleza kwa nini wadudu wale wanawaka. Baba, Alexei, anarudi kazini, na kabla chakula hakijaisha mezani familia nzima imo ndani ya gari wanakimbia. Wanatoroka kwa ndege ndogo mpaka Cuba. Huko ndiko tunaambiwa: hao si mume na mke, na watoto si ndugu. Ni majasusi wa Urusi waliopangwa kuishi kama familia ya Kimarekani kwa miaka mitatu. Kazi imekwisha, kila mtu arudishwe alikotoka.

Tazameni Natasha anachofanya pale Cuba. Mtoto yule anamnyang'anya askari bunduki na kuwaelekezea watu wazima wote, kwa sababu hataki mdogo wake apelekwe. Yeye alishapita Chumba Chekundu, anajua kinachomsubiri Yelena. Na anayemshawishi aiweke chini ile silaha ni Alexei, mtu aliyekuwa akimwita baba. Kisha watoto wote wawili wanachomwa sindano ya usingizi.

Muvi ingeweza kuishia hapo na ningeridhika.

Kisha yanakuja majina ya mwanzo, picha za wasichana ndani ya makontena, na miaka zaidi ya ishirini inapita. Cate Shortland, aliyeiongoza, ni Mwaustralia ambaye mwaka 2012 alitengeneza Lore, filamu ya binti wa Kijerumani anayewavusha wadogo zake nchi nzima baada ya vita kwisha, huku akianza kuelewa wazazi wake walikuwa nani. Ukiijua ile, unaona kwa nini Ohio imetengenezwa kwa uangalifu namna ile. Huyu mama ana uzoefu wa kuwatazama watoto wanaobeba makosa ya watu wazima.

#3 Msomakatuni

Mkuu, umeandika vizuri lakini kuna kitu siwezi kukisamehe. Taskmaster, yule adui mwenye kofia ambaye mwisho tunaambiwa ndiye Antonia aliyenusurika. Kwenye vitabu vya katuni yupo tangu 1980, ni mamluki, ana maneno mengi, ana chuo chake cha kufundisha wahalifu. Hapa wamemfanya mtu asiyesema neno, halafu mwisho wanavua kofia tunamkuta Olga Kurylenko yuko kimya na makovu usoni. Kama walitaka hadithi ya Antonia wangempa jina lingine. Sisi tuliokuja kumwona Taskmaster tumeonewa.

#4 Nyamanoro

Naungana na Msomakatuni kwa sehemu. Na Dreykov mwenyewe mbona mwepesi? Mzee Chumba Chekundu chake kinaelea angani, ana wasichana dunia nzima wanaomtii, halafu anakaa mezani anajieleza kila kitu. Adui wa hivyo hanitishi.

#5 Kimulimuli (mleta uzi)

Msomakatuni, nakuelewa kabisa, na kama ningekuwa nimemfuata Taskmaster tangu kwenye vitabu ningeumia pia. Lakini tazama uwezo wake ni upi: anamwona mtu akipigana mara moja, anaiga. Ngao ya Captain America anairusha, upinde wa Hawkeye anautumia, makucha ya Black Panther anayo. Hana mtindo hata mmoja ulio wake. Mtoto aliyelipuliwa akiwa mdogo, baba yake akamwekea kifaa shingoni badala ya kumlea, amekua akiwa kioo cha wengine. Na kwenye pambano na Natasha anaiga mienendo ya Natasha mwenyewe. Mdai amevaa mwili wa mdaiwa. Mimi hilo naliona lina maana kuliko mamluki mwenye maneno mengi.

Nyamanoro, kuhusu Dreykov, Ray Winstone hakupewa mengi, nakubali. Ila ile meza unayoisema ndipo penye kipande ninachokipenda kuliko mapigano yote ya angani. Kumbuka: Natasha anashindwa kumdhuru. Ana bisu, ana bunduki, mkono unakataa. Dreykov anamweleza kwamba mwili wake unatoa harufu fulani, feromoni, na msichana yeyote wa Chumba Chekundu akishaivuta hawezi kumgusa. Natasha anamchokoza, anampanda kichwani kwa maneno, mzee anampiga ngumi za uso. Tunadhani anapigwa. Kumbe alikuwa anatafuta pua ivunjike, mshipa wa kunusa ukatike. Ngumi za mzee hazikutosha, basi akamshukuru kwa ushirikiano wake na kuibamiza pua yake mwenyewe kwenye meza.

Hiyo ndiyo Black Widow. Tangu Iron Man 2 ya 2010, na hasa kwenye kile kiti alichofungwa na Warusi katika The Avengers, silaha yake ni kumwacha mwanaume aamini kwamba anashinda. Hapa analipa kwa mfupa wake.

#6 DadaMkubwa

Kaka Kimulimuli, huwa nasoma tu humu, sichangii. Leo nimejisajili kwa ajili ya uzi huu.

Umeruka meza ya chakula kwa Melina. Nyumba ile nje ya Saint Petersburg, yenye nguruwe. Wanne wamekutana tena baada ya miaka yote ile, Alexei ametolewa gerezani anajibana ndani ya sare yake ya Red Guardian, jina lake la ushujaa, isiyomtosha tena, wanakula, wanakunywa, Melina anamwambia Natasha akae wima. Natasha anasema wazi kwamba familia ile haikuwa ya kweli. Na Yelena anavunjika. Anasema kwake yeye ilikuwa kweli, na kwamba sehemu bora ya maisha yake ilikuwa uongo na hakuna aliyemwambia.

Nataka kusema kitu kuhusu hilo. Nilikuwa na miaka minane nilipochukuliwa kijijini kwetu na ndugu wa mbali, ikasemwa nakwenda mjini kusoma. Shule nilikwenda muhula mmoja. Baada ya hapo nililea watoto wa nyumba ile, nilipika, nilifua, kwa miaka sita. Siwataji na sitaki kuwataja. Lakini yule mtoto wa mwisho alijifunza kutembea akinishika vidole, na mpaka leo ananiita dada, ananipigia simu siku ya Idi. Nimekaa na watu wazima wenye akili wakaniambia, "ile haikuwa familia yako, ulikuwa mfanyakazi bila mshahara." Ni kweli. Na bado mtoto yule nilimpenda na yeye alinipenda. Nilipomsikia Yelena nilisimamisha muvi nikatoka nje.

Natasha ana haki kwa akili. Yelena ana haki kwa moyo. Sijaona muvi nyingine ya mashujaa wa kuruka angani iliyowaacha wote wawili wawe na haki kwenye meza moja.

#7 Nyamanoro

Dada, pole sana. Na asante kwa kuandika. Umenifanya nirudi kuitazama ile meza.

#8 Kimulimuli (mleta uzi)

Dada, nimesoma ujumbe wako mara tatu. Karibu sana, na usiache kuchangia.

Nitaongeza vitu viwili juu ya ulichosema. Kwanza yule nguruwe. Melina anamwita ndani, anabonyeza kifaa, nguruwe anaacha kupumua kwa amri, anaanguka, kisha anaamriwa apumue tena. Melina anaonyesha kama mtaalamu anayejivunia kazi yake. Kamera inamtazama Yelena. Yeye ndiye nguruwe. Miaka yote aliyotumikishwa, akili ikiona lakini mwili ukitii mwingine, ilianzia kwenye zizi la mtu aliyekuwa akimwita mama. Alikombolewa Morocco na ule unga mwekundu, dawa inayorudisha akili, aliopuliziwa na mwenzake ambaye Yelena alitumwa amuue, na maskini Yelena alikuwa ameshamchoma kisu.

Pili ni albamu ya picha. Natasha anaikuta chumbani. Picha za Krismasi, za sikukuu, za safari, na anakumbuka kwamba zote zilipigwa siku moja, wakibadilishiwa nguo na mapazia ya nyuma. Uongo mtupu. Na Melina ameitunza zaidi ya miaka ishirini. Kama ilikuwa kazi tu, ungeitunza ya nini?

#9 Mwalimu Mstaafu

Vijana, kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Huo usemi tumeusikia tangu utoto. Lakini huyu Melina alilea, kisha akawakabidhi watoto wale kwa Dreykov kwa mikono yake. Je, bado ni mama? Mimi nimefundisha miaka thelathini na moja na nimeona wazazi wa kila namna. Namwona Rachel Weisz pale ameigiza mwanamke aliyejizuia kuhisi kwa muda mrefu mpaka amesahau kwamba anajizuia. Anasema mwenyewe alipitishwa Chumba Chekundu mara nne kabla Natasha hajazaliwa. Panya aliyezaliwa ndani ya kizimba hukimbia kwenye gurudumu, anasema. Sikumchukia. Lakini kumsamehe nimeshindwa.

#10 DadaMkubwa

Shikamoo mwalimu. Hata mimi nimeshindwa, na nafikiri Natasha hakumsamehe pia. Alichofanya ni kumpa kazi: walibadilishana sura, Melina akaenda kama Natasha na Natasha kama Melina, wakaingia wote kwenye kile chumba cha angani. Msamaha haukutajwa.

Na kuna jingine nataka kulisema hapa kama mwanamke. Alexei kwenye helikopta anauliza mabinti kwa nini wana hasira, au ndiyo siku zao. Yelena anamjibu kwamba hawana siku, walitolewa kizazi, na anaanza kueleza kiungo kwa kiungo mpaka mzee anaomba anyamaze. Kwenye Age of Ultron ya 2015 jambo hilohilo lililetwa kama siri ya aibu ya Natasha, na sentensi inayofuata alijiita zimwi. Wanawake wengi tuliudhika. Hapa aibu imerudishwa kwa waliofanya. Yelena hainamishi kichwa hata kidogo.

#11 Msomakatuni

Hapo dada umenipiga bao. Na Florence Pugh amembeba Yelena vizuri mno, hilo hata mimi niliyenuna silikatai. Kwenye vitabu Yelena alianza 1999 kama mpinzani wa Natasha, msichana anayetaka kuthibitisha kwamba yeye ndiye Black Widow halisi. Hapa wamemfanya mdogo mtu. Jikoni kule Budapest wanakabana na pazia mpaka wote wawili wanakosa pumzi, wanakubali kuachiana, wanakaa kunywa. Ni ugomvi wa ndugu kabisa.

Ila pesa iliwapiga. Dola milioni 380 hivi dunia nzima kwa muvi ya Marvel ni kidogo.

#12 Kimulimuli (mleta uzi)

Ni kidogo, lakini kumbuka iliwekwa Disney+ siku ileile ya kuingia kumbi, kwa nyongeza ya dola 30. Scarlett Johansson akaenda mahakamani Los Angeles mwezi huohuo wa Julai, akidai mkataba wake ulimhakikishia kumbi za sinema kwanza. Walimalizana nje ya mahakama mwisho wa Septemba. Sitaki uzi uhamie huko.

Nimalizie nilichokianza, Antonia.

Dreykov anauawa na Yelena, anayekilipua chombo chake. Natasha hakuwa na haja ya kumuua kwa mkono wake, na muvi haikumpa kifo kile. Wakati chumba kizima kinaporomoka kutoka mawinguni, kila mwenye akili anakimbia, Natasha anarudi nyuma. Antonia amefungiwa kwenye kizimba. Natasha anamwambia kupitia mlango kwamba anajua akifungua atashambuliwa. Na anafungua.

Hapo ndipo deni linalipwa. Budapest alimwona mtoto akaruhusu mlango ufungwe juu yake. Safari hii anaufungua, akijua kitakachotoka. Wanapigana wakianguka angani, wanafika chini, Natasha anavunja chupa ya ule unga mbele ya uso wake. Antonia anazinduka na swali lake la kwanza ni kama baba ameondoka. Ameondoka, Natasha anamjibu, na anamwomba radhi.

Hakuna kukumbatiana. Natasha hasemi ilikuwa vita, hasemi alikuwa kijana, hasemi ililazimu. Mtu aliyetuambia tangu 2012 kwamba anataka kufuta wekundu amekaa chini kwenye majani mbele ya mmoja wa wale walioandikwa humo, na amemwachia yeye neno la mwisho. Antonia hasemi neno lolote la msamaha. Namshukuru mwandishi Eric Pearson kwa hilo.

#13 Nyamanoro

Na kizibao? Yelena alijinunulia kizibao chenye mifuko mingi, anasema ni nguo ya kwanza aliyowahi kujinunulia mwenyewe. Mwisho anampa Natasha. Nimekwenda kuangalia Infinity War ya 2018, Natasha amekivaa, na nywele amezifanya njano kama za mdogo wake. Yaani miaka mitatu kabla hatujajua Yelena yupo, nguo yake tulikuwa tunaiona.

#14 DadaMkubwa

Na mluzi. Ohio walikuwa wakipigiana mluzi, mmoja anaanza na mwingine anaitikia. Kwenye kaburi la Natasha, baada ya majina, Yelena anapiga mluzi na kusubiri.

#15 Msomakatuni

Naufufua uzi huu. Thunderbolts ya Mei 2025 nimeitazama. Mleta uzi, umeona walichomfanyia Antonia?

#16 Kimulimuli (mleta uzi)

Nimeona, mkuu.

Yelena yumo, Alexei yumo, nikafurahi. Antonia ameingia kwenye ghala la siri na wenzake, hatujapata hata muda wa kumsikia anataka nini, Ghost, mmoja wa hao, anampiga risasi ya kichwa. Dakika chache. Hakuna aliyesimama kumlilia, hata Yelena, ambaye dada yake alirudi nyuma angani kumtoa mtu huyuhuyu.

Sipingi mhusika kufa. Natasha alikufa na nililia na nilikubali. Lakini Antonia alikuwa na miaka mingapi ya uhuru? Alifanya nini nayo? Alijifunza mtindo wake mwenyewe wa kutembea? Aliwahi kula chakula alichochagua? Dada yetu hapa juu alitumikishwa miaka sita, na kilichobaki kwangu baada ya kumsoma ni ile simu ya siku ya Idi, kitu kimoja ambacho ni chake. Antonia hakupewa hata kimoja. Alilipuliwa akiwa mtoto ili hadithi ya Natasha ianze, na ameuawa akiwa mtu mzima ili tujue kwamba ghala lile ni la hatari.

Nimeuandika uzi mzima kusema kwamba mdai alilipwa. Walionilazimisha niurudie wote upya ni walewale walioiandika hadithi.

#17 DadaMkubwa

Kaka, alilipwa. Natasha alifungua mlango. Waliokuja baada yake ndio waliokopa tena.